Kazi ya Kumwamsha Bwana Ferali

Katika kampuni aliyofanyia kazi mume wangu kulikuwa na desturi moja: fundi akishafungua injini ya ndege na kuifunga, safari ya kwanza baada ya hapo lazima apande yeye mwenyewe. Marubani ndio walioitaka desturi hiyo, na ukifikiri vizuri walikuwa na haki yao. Mtu akijua kwamba roho yake nayo inategemea nati aliyoikaza, ataikaza mara mbili. Nilipoambiwa jambo hilo kwa mara ya kwanza nilicheka, nikasema laiti na maseremala wa hapa Temeke wangelazimishwa kulalia vitanda wanavyotuuzia.

Nilicheka kwa sababu bado nilikuwa sijaanza kuogopa. Theonest wangu alijifunza ufundi jeshini wakati wa vita, huko Nairobi, na vita vilipokwisha akapata kazi Dar es Salaam. Mimi nikamfuata kutoka Kamachumu, Uhaya, na cherehani yangu. Tulijenga Temeke, ambako miaka ile mikorosho ilikuwa mingi kuliko nyumba, na kila asubuhi alipanda baiskeli yake kwenda uwanja wa ndege kwa Barabara ya Pugu. Mwanzoni alikuwa akiruka na ndege mara mojamoja tu, na siku hiyo viatu vyake vilipakwa rangi tangu jana yake. Majirani wakaniita mke wa fundi wa angani. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Kisha akaanza kuruka kila siku.

Ndege yao ilikuwa na injini mbili na mlio wa kukwaruza kidogo, na mimi niliujua mlio huo kama ninavyojua kikohozi cha mwanangu Auleria. Ikipita juu ya bati letu nilisimamisha cherehani mpaka sauti ipotee. Nikaanza kushona mabega yaliyopinda, na wateja wakaanza kulalamika. Jioni nilikuwa nasikiliza upande wa kaskazini ikitoka Tanga, au upande wa kusini ikitoka Lindi, na mpaka nisikie kengele ya baiskeli mlangoni sikugusa chakula.

Nikamuuliza. "Baba Auleria, injini hiyo inaharibika kila siku?"

"Haiharibiki."

"Sasa unapanda ya nini?"

"Ni kazi, Mama Auleria. Nikiambiwa panda, napanda."

Mtu niliyeishi naye miaka yote hiyo najua anaposema kweli na anapoifunika. Alikuwa anaifunika. Nikarudi kwenye cherehani kwa shingo upande, na yeye alijua hivyo.

Habari za kazini kwao nilizipata kidogokidogo kutoka kwa jirani yetu Romani, kuli wa bandarini, mtu wa maneno mengi ambaye kila jioni alikuja kukaa barazani kwetu kama nyumba ni yake. Romani alikuwa mwanachama wa chama cha makuli, na chama hicho alikitaja mara nyingi kuliko alivyomtaja mkewe.

"Shemeji," aliniambia, "hivi unajua wale Wazungu wanaorusha ndege hawana chama?"

"Mzungu chama cha nini? Si yeye ndiye bwana mkubwa?"

"Kwa nani? Mwenye kampuni ni Bwana Dalton. Wale wako watatu, na kila mmoja anamwogopa kuliko mie ninavyomwogopa msimamizi wangu. Juzi mmoja aliomba apumzike Jumapili. Bwana Dalton kamwambia, anayetaka kupumzika akapumzike Ulaya, meli zipo." Akacheka mpaka akajipiga pajani. "Sie bandarini tukichoka tunasema tumechoka, wote kwa pamoja. Wao kila mtu anachoka peke yake."

Nilicheka naye. Kusema kweli nilifurahi kidogo kusikia kwamba hata mwenye ngozi nyeupe anaweza kubanwa. Halafu nikakumbuka nani anakaa kiti cha pili ndani ya ndege hiyo, kicheko kikaniishia mdomoni.

Jumamosi moja mchana gari lilisimama mbele ya nyumba yetu, watoto wa mtaa mzima wakalizunguka. Baiskeli ya Theonest ilikuwa imepasuka mpira, na rubani wake, Bwana Ferali, akaamua kumleta hadi nyumbani. Sijui jina lake liliandikwaje Kiingereza. Kule uwanjani wote walimwita Ferali. Alikuwa mrefu, macho mekundu, na adabu nyingi. Auleria alimwamkia "shikamoo" naye akaitikia "marahaba" kama mtu wa pwani. Nikampa kiti barazani.

Kwetu Uhaya mgeni hakaribishwi kwa mikono mitupu. Anapewa kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na kukaushwa pamoja na maganda yake, na mama yangu alikuwa akinitumia kila alipopata mtu wa kuja huku. Nikamletea Bwana Ferali kwenye kisahani. Akazichukua mkononi, akatabasamu.

"Natafuna hivihivi, mama?"

"Hivihivi, bwana. Usimeze ganda."

Nilipogeuka kumwangalia tena kidevu kilikuwa kifuani na punje zimemwagika miguuni pake. Nilidhani amekufa. Watoto wakaanza kucheka, mimi nikamshika bega, na mume wangu akanitoa mkono.

"Mwache," alisema taratibu. "Amelala."

"Amelala? Si alikuwa anazungumza sasa hivi?"

"Ndivyo anavyolala siku hizi."

Niliketi chini kwenye mkeka. Mzungu alikoroma barazani kwangu, watu wakipita barabarani wananyosha shingo, na mimi nilimwuliza mume wangu kwa sauti ndogo, "Na huko juu?"

Theonest aliinama akaanza kuokota punje mojamoja.

Bwana Ferali alipoamka na kuondoka, ameona haya mpaka masikio mekundu, nilimbana Theonest akasema yote. Tangu mvua za vuli Bwana Dalton alikuwa amepata mikataba mipya ya kubeba barua na wenye mashamba ya mkonge, na hakuongeza rubani hata mmoja. Marubani walitoka Lindi na kupelekwa Mahenge, wakirudi wanakuta abiria wa Mafia wanangoja. Siku moja Bwana Ferali alisinzia juu ya mto Rufiji. Bahati mume wangu alikuwemo kwa ile desturi ya fundi, akamtikisa. Tangu hapo Bwana Ferali alimwambia Bwana Dalton kwamba injini moja haieleweki, kwa hiyo fundi awe anapanda kila safari.

"Kwa hiyo kazi yako ni kumwamsha mtu mzima," nilisema.

"Namwimbia. Namuuliza habari za kwao. Akizidi namfinya."

"Acha kazi. Kesho hiyohiyo."

"Nikiacha atalala peke yake. Ndege ikianguka, Mama Auleria, unafikiri watasema rubani alisinzia? Watasema Theonest hakukaza nati. Watanifuata hapahapa."

Hapo alinikamata. Ni kweli, wangesema hivyo. Basi usiku na mchana nikawa na hofu mbili badala ya moja: akipanda atakufa, asipopanda atafungwa. Sikumpata mtu wa kumwambia. Romani nilimwambia nusu tu, naye akasema marubani wote watatu wakatae siku moja kuruka, mambo yatanyooka. Kana kwamba mimi mshona nguo wa Temeke ndiye wa kuwaitisha mkutano.

Nikafanya nililoliweza. Kahawa yetu inafukuza usingizi, kila Mhaya anajua. Wazee kwetu wanatafuna kwenye misiba wakakesha bila kupiga mwayo. Kila asubuhi nikafunga punje kwenye karatasi, nikamtilia Theonest mfukoni mwa ovaroli, nikamwambia: mpe Bwana Ferali hizi kabla hamjaruka, na nyingine mkiwa huko juu, na usimwachie mpaka umwone anatafuna. Akaitikia vizuri. Jioni nikimuuliza, ananiambia ametafuna, anashukuru sana, ananisalimu. Moyo ukatulia kidogo. Nikaweza tena kushona bega lililonyooka.

Nilitulia kama mjinga, kwa sababu siku ya kufua ndipo niliponyanyua ovaroli yake ile ya pili na kusikia kitu kinachakacha. Karatasi zangu zilikuwemo mfuko wa ndani, zimebanana, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Nilizitoa nikazipanga kwenye ukingo wa beseni. Kwa muda nilijidanganya kwamba amesahau. Lakini mtu hasahau kila siku, halafu akaleta na salamu.

Alipoingia jioni hakuwahi hata kuegemeza baiskeli.

"Bwana Ferali anashukuru sana, eeh? Ananisalimu?"

Akaziona karatasi. Nilitegemea aseme Mzungu hapendi, au zinamuumiza tumbo. Ningemwamini, Mungu ananiona. Badala yake aliketi kwenye kigoda na uso wake ukafanya kitu ambacho sikukitegemea kabisa. Ulikuwa uso wa furaha iliyofichwa siku nyingi.

"Akilala," alisema, "mie ndiye ninayeshika usukani."

Nilianza kuzikusanya karatasi zangu.

"Alinifundisha mwenyewe. Mwanzo aliniambia shika hapa, usiguse kingine, nifumbe macho kidogo tu. Sasa ananiachia toka tukivuka Rufiji mpaka tuione Kilwa. Mama Auleria, inanisikia! Naigeuza inageuka. Naishusha kidogo, inashuka. Chini naziona mashua ndogo kama maganda ya karanga, na hakuna mtu wa kuniambia boi, lete spana."

"Na abiria?"

"Abiria wako nyuma ya pazia. Hawajui."

"Na kuteremka chini?"

"Kuteremka anateremsha yeye. Namwamsha mapema."

"Na siku asipoamka?"

Alitazama mikono yake. "Ataamka."

Nililia siku ile, na nililia kwa hasira kuliko kwa huzuni. Miezi yote hiyo nimemhurumia mume wangu kwamba analazimishwa, kumbe anangojea kwa hamu mwenzake asinzie! Nilimwita mwendawazimu. Nilimuuliza kama amesahau ana mtoto. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Niambie," alisema, "kwa njia gani nyingine mtu kama mie atakabidhiwa ndege? Nitaomba shule gani? Wakipumzika wale, wakilala vizuri vitandani mwao, mie narudi kwenye spana mpaka nife. Hiyo kahawa yako ingenirudisha chini."

Maneno hayo yalinitisha. Alikuwa na haki. Hakuna mlango ambao nchi hii ilimfungulia Theonest isipokuwa huo wa uchovu wa mtu mwingine. Na bado nilimtaka hai. Tangu siku hiyo ikipita ndege sikusimamisha cherehani tu, nilitoka nje nikasimama katikati ya uwanja wa nyumba yetu nikiitazama inavyokwenda, nikijiuliza ni mikono ya nani sasa.

Mwezi haukuisha, Romani akaja mbio na habari. Marubani wale watatu hatimaye wameafikiana. Yule kijana wao alikuwa nusura agonge mnazi akitua Mafia, na hofu ikafanya kazi ambayo chama kingeifanya. Wamepeleka malalamiko yao Nairobi kwa wakubwa wa ndege, na mkaguzi amekuja. Bwana Dalton amekana kila kitu: marubani wake wanapumzika vizuri, hao ni wavivu wanaochafua jina la kampuni. Mkaguzi anataka shahidi asiye rubani.

Shahidi huyo nilikuwa naishi naye nyumba moja.

Walikuja Jumapili, tumetoka tu misa ya Chang'ombe. Bwana Ferali ndiye aliyeomba mazungumzo yafanyikie kwetu, mbali na macho ya Bwana Dalton. Mkaguzi alikuwa mzee mwembamba, kofia mkononi, Kiswahili chake kizuri sana cha mtu aliyekisoma. Theonest alivaa suti yake ya harusi. Mimi niliketi mlangoni na vitambaa vyangu, najifanya natafuta uzi.

"Fundi Theonest," alisema mkaguzi, "sijaja kukutia matatani. Nataka jambo moja tu. Umewahi kumwona Bwana huyu akisinzia ndege ikiwa angani?"

Bwana Ferali alimtazama mume wangu. Nakumbuka macho yale. Alikuwa mtu anayeomba aruhusiwe kulala. Aliweka kazi yake yote juu ya jibu moja, na hakuwa na shaka litakuwa lipi, maana yule ni rafiki yake, ndiye aliyemfinya na kumwimbia.

"Hapana, bwana," alisema Theonest. "Sijamwona."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Bwana Ferali ni rubani aliye macho sana."

Bwana Ferali alifungua mdomo akaufunga. Hakuelewa. Angeelewa vipi? Aliyeelewa ni mimi peke yangu. Mkaguzi alianza kuvaa kofia yake taratibu, na nikaona mbele yangu yatakayofuata: kofia itaingia garini, gari litaondoka, kesho ndege itaruka, na mume wangu atavuka Rufiji akiwa na furaha, mpaka siku ile ambayo mwenzake hataamka.

Nilijua nikisema nitavunja nini. Nisidanganye, nilijua. Theonest bila cheti ameshika usukani wa ndege yenye watu. Bwana Ferali ndiye aliyempa. Wote wawili wangekwisha. Hata hivyo nilisimama, vitambaa vikaanguka.

"Bwana mkubwa," nilisema, "umeuliza swali silo. Usiulize nani analala. Uliza nani anaendesha."

"Mama Auleria!" Theonest alisema.

"Akilala huyu, anaendesha mume wangu. Toka Rufiji mpaka Kilwa. Muulize huyu bwana kama naongopa."

Bwana Ferali aliweka uso viganjani. Hakukana. Mkaguzi alirudi akaketi, akavua tena kofia, na mume wangu akainuka, akapita pembeni yangu bila kunigusa, akaingia ndani na kurudishia mlango polepole.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Bwana Ferali alinyang'anywa ruhusa yake ya urubani akarudishwa kwao kwa meli. Alikuja kuniaga, akanishika mkono, na sijui mpaka leo kama alinilaani au alinishukuru, kwa sababu alikuwa amelala vizuri kwa mara ya kwanza na sura yake ilikuwa ya mtu mwingine. Bwana Dalton aliamriwa kuongeza marubani na kuwapa siku za mapumziko. Wale wawili waliobaki wananiamkia wakiniona sokoni. Romani anasimulia mtaa mzima kwamba ni chama kilichoshinda, ingawa chama chenyewe hakikuwepo. Theonest alifukuzwa siku ile ile, na desturi ya fundi kupanda ikapigwa marufuku kwa mafundi wote.

Sasa anatengeneza malori kwenye gereji moja, mtaa wa Gerezani. Anarudi mapema, ana mafuta mikononi, ana afya. Kwa majuma mengi hakusema nami ila habari za chumvi na maji. Sikumlaumu, na sikujilaumu. Nilipika, nikashona, nikasikiliza pumzi zake kitandani, nikashukuru kwa kila moja.

Jana jioni tulikuwa tunakula. Nilimwambia, kwa kutafuta tu la kusema, kwamba nimeona mvi moja nyuma ya sikio lake, na kwamba inampendeza. Aliacha kula. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile, akasema, bila ukali wowote, "Hukuniuliza kama nilitaka kuzeeka."

Nikamjibu kwamba ni kweli, sikumuuliza, mimi ndiye niliyetaka azeeke. Kisha nikamwongezea ndizi.